Mafunzo yamfuate mkunga leba, au mkunga ayafuate mjini?

HOJA: Mafunzo ya watumishi wa afya walio kazini mkoani Kigoma yaondolewe kwenye kumbi za mjini, yafanyike ndani ya vituo wanakofanyia kazi.

WANAOZUNGUMZA: Mkufunzi wa watumishi walio kazini, Muuguzi mkunga wa zahanati ya mwambao wilayani Uvinza, Mganga mfawidhi wa kituo cha afya, na Mjumbe wa kamati ya usimamizi ya kituo, ambaye ni mama mfanyabiashara wa dagaa.

MKUFUNZI: Naunga mkono hoja, na ushahidi wangu ni wa hapahapa nchini. Mwaka 2010, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara iliwapa watumishi wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Miezi 7 baadaye walipimwa kwa mwanasesere wa mazoezi, wakafanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini walipoangaliwa leba, mbele ya watoto wenyewe, kazi ilikuwa ileile ya kabla ya mafunzo. Hospitali ikabadili utaratibu: mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, watu wawili wawili, palepale leba, na kipindi cha dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Somo lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni mahali pa kufundishia na wingi wa marudio.

MKUNGA: Mwalimu, Haydom ni hospitali. Leba yake haikosi wazazi usiku na mchana. Mimi niko zahanati ya kijijini, ukitaka kunifikia unapanda boti zinazokwenda Kalya. Tuko wawili, na mwenzangu ni mhudumu wa afya. Hayo mazoezi ya wawili wawili nifanye na nani? Mwezi unaweza kuisha sijapata mtoto aliyezaliwa kimya, na mama anayetokwa damu nyingi kiasi cha kutisha huenda nikampata mara moja kwa mwaka. Mjini ndiko ninakokutana na wakunga wenzangu, ndiko ninakopelekwa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, kushika kazi ambayo kijijini hainijii. Ukiniondolea mji umeniacha peke yangu na mwanasesere.

MGANGA MFAWIDHI: Sista, huko kuitwa mjini ndiko kunakoniumiza kichwa. Barua inafika Alhamisi, mafunzo yanaanza Jumatatu. Wanataka muuguzi mkunga mmoja kwa siku tano, ongeza mbili za njiani. Leba yangu ina wakunga wanne wa kugawana zamu tatu. Mmoja akiondoka, waliobaki wanaunganisha zamu ya mchana na ya usiku. Kabla hajarudi vizuri, inakuja barua nyingine: wiki hii chanjo, mwezi ujao lishe, kisha malaria, kisha takwimu. Kila mradi una ukumbi wake na ratiba yake, na hakuna hata mmoja unaouliza wengine wamemchukua nani. Halafu anayekwenda ni yuleyule.

MKUNGA: Daktari, umesema ni yuleyule, hujasema kwa nini. Anayeandika majina ni nani?

MGANGA MFAWIDHI: Mara nyingine ni mimi. Mara nyingine jina linashuka kutoka halmashauri limeshaandikwa. Na sababu sote tunaijua: ni posho. Mkunga anayezalisha wazazi wengi kituoni kwangu hajaonekana semina muda mrefu, kwa sababu akiondoka leba inasimama. Anayeweza kukosekana ndiye anayekwenda kufundishwa. Mafunzo yakifanyika kituoni, wote wanne watayapata.

MKUNGA: Naomba posho isitajwe kama wizi. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinasema mtumishi anayelala nje ya kituo chake cha kazi kwa shughuli ya serikali analipwa posho ya kujikimu. Ni haki yangu kama ilivyo haki ya mkurugenzi. Na mimi nipande boti, nilale nyumba ya wageni, niwaachie watoto hela ya matumizi. Sasa nauliza: mafunzo yakihamia zahanati, fedha ya ukumbi, ya chakula, ya mafuta ya gari na ya posho yangu inakwenda wapi? Itanunua glovu? Itaniletea mkunga wa pili? Kama jibu ni hapana, basi mnanipunguzia kipato na kuniongezea kazi kwa siku moja.

MKUFUNZI: Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba fedha hiyo ibaki kwenye mafunzo. Imlipe mkunga mzoefu wa Maweni au wa Kituo cha Afya Ujiji aje kwako, akae siku tatu, azalishe pamoja nawe, aondoke, arudi baada ya mwezi. Posho ataipata yeye kwa kulala nje ya kituo chake. Wewe utapata mtu wa kukutazama mikono.

MKUNGA: Kwa hiyo posho imehama kutoka kwa wa kijijini kwenda kwa wa mjini.

MKUFUNZI: Imehama pamoja na jukumu. Akija kwako na hali ya leba yako isibadilike, yeye ndiye wa kuulizwa. Leo ukirudi kutoka ukumbini na mambo yakabaki vilevile, anaulizwa nani? Ripoti yangu inaandika "washiriki 40 wamejengewa uwezo", na hesabu inafungwa.

MJUMBE WA KAMATI: Wanangu, nimewasikiliza. Mimi sikusomea uuguzi, lakini kituo hiki ni changu pia, na binti zangu wanajifungulia hapa. Kila mara tunaambiwa sista yuko mafunzo. Akirudi, mimi nitaona nini? Sioni daftari lake wala cheti chake. Naona kama binti yangu amepokelewa kwa maneno mazuri, kama ametazamwa mara kwa mara au ameachwa hadi alfajiri, kama rufaa imeitwa mapema au imeitwa boti ikiwa haiwezi tena kuondoka kwa upepo. Mwalimu, katika mitihani yenu ya mwisho wa semina, hayo mnayapima?

MKUFUNZI: Tunapima maarifa siku ya kwanza na siku ya mwisho, karatasi ileile ya maswali. Hayo unayoyasema hayapimiki ukumbini, Mama. Yanapimika leba peke yake, na ndiyo sababu ya kuunga mkono hoja. Na mkoa huu ulishaonyesha njia. Miaka ya 1980, Dkt. Godfrey Mbaruku alipokuwa katika hospitali ya mkoa hapa Kigoma, vifo vya akina mama vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Hakungoja mfadhili. Walianza kwa kurudia majalada ya waliofariki, moja baada ya jingine, wakitafuta wapi kazi ilikwama. Kisha wakapanga hatua 22 za kutekelezwa kwa rasilimali zilizopo, mafunzo ya mara kwa mara kazini yakiwemo. Hadi 1991 vifo vilikuwa vimeshuka hadi 186. Taarifa yake, aliyoiandika na Staffan Bergström, ilichapishwa mwaka 1995. Mafunzo yale yalizaliwa na makosa ya wodi yenyewe, yakafanyika wodini.

MKUNGA: Hapo umenisaidia, Mwalimu. Hatua 22, na mafunzo ni moja. Nyingine zilikuwa nini?

MKUFUNZI: Ratiba za kazi zinazoeleweka. Vifaa vinavyofanya kazi na vinavyotunzwa. Dawa muhimu kuwepo. Miongozo ya kumhudumia mgonjwa. Tathmini ya watumishi. Kufanya kazi kama timu. Kuwarudishia wananchi taarifa.

MKUNGA: Basi hoja iliyoletwa hapa imechukua moja na kuziacha nyingine zote. Dkt. Mbaruku hakumwambia mkunga afanye mazoezi ya damu kutoka huku sindano ya oksitosini imekwisha. Nifundisheni mjini au kijijini, kama kabati ni tupu nitawazika wazazi nikiwa na ujuzi kamili. Na hicho ndicho kinachotukatisha tamaa sisi: mafunzo ndiyo jawabu jepesi kuliko yote. Kikao cha kujadili vifo kinakaa, damu haikuwepo, gari halikuwepo, mtu wa usingizi hakuwepo, halafu azimio linaandikwa: "wakunga wapewe mafunzo."

MGANGA MFAWIDHI: Hilo nimeliona kwa macho yangu, na sista hajakosea. Lakini upande wa pili nao upo. Mwalimu, simulia ulichokikuta kwenye usimamizi shirikishi.

MKUFUNZI: Nilifika kituo kimoja nikaomba kuona mfuko na barakoa ya kumpumulia mtoto. Mkunga wa zamu alikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Limefungwa. Ufunguo uko kwa mkuu wa wodi, na mkuu wa wodi yuko nyumbani. Ulipoletwa tukakikuta kifaa ndani ya nailoni yake ya kiwandani, hakijawahi kufunguliwa. Mtoto asiyepumua ana dakika moja: umkaushe, umsugue mgongo, usafishe njia ya hewa kama imeziba, kisha barakoa ikae sawasawa juu ya pua na mdomo, vidole vikiinua kidevu, ubonyeze huku ukitazama kifua kikipanda. Yote hayo kabla dakika haijaisha. Ufunguo peke yake ulichukua zaidi ya robo saa. Kifaa kilikuwepo, na mkunga alikuwa na cheti ukutani.

MKUNGA: Na umeuliza kwa nini kilifungiwa? Kikipotea, anakatwa mshahara aliyekisainia. Hakuna mtu anayekatwa mshahara kwa sababu kabati lilikuwa limefungwa.

MJUMBE WA KAMATI: Maneno mazito hayo, mwanangu. Nataka yaandikwe.

MKUFUNZI: Nami nayapokea kama ushahidi wangu. Ufunguo ule usingeonekana katika semina yoyote ya mjini. Ungeonekana wiki ya kwanza ya mazoezi ya leba, siku ya kwanza mkunga anapotaka kifaa cha kufanyia mazoezi. Ukifundisha kwenye chumba cha kazi, chumba chenyewe kinakuambia nini kimekosekana.

MGANGA MFAWIDHI: Sasa mimi naomba kuipunguza hoja, maana imevaa kanzu kubwa kuliko mwili wake. Upasuaji haufundishwi kwa dakika tano za Jumatano. Mradi wa uzazi salama uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies katika mkoa huu kuanzia 2006 ulitaka vituo vya afya vijijini viweze kumpasua mama badala ya kumpa rufaa. Ilibidi madaktari wasaidizi waondoke kituoni wakasome dharura za uzazi kwa miezi 3, na wauguzi na matabibu nao wakasome utoaji wa dawa ya usingizi. Mkono wa kupasua unahitaji wagonjwa wengi kwa muda mfupi, na wagonjwa hao hawako Nguruka wala Buhingu. Halafu kazi yao ilipimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ukiangalia hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya upasuaji wa uzazi wa madaktari wasaidizi na yale ya madaktari. Kwa hiyo kuondoka kituoni kuna mahali pake.

MKUNGA: Daktari, sasa naona mgawanyo. Wenye kisu waende miezi 3. Sisi tunaoshinda na mama saa kumi na mbili za uchungu, tupewe dakika tano na mwanasesere. Hata kujifunza kuna cheo?

MGANGA MFAWIDHI: Nimesema wauguzi walikwenda pia, kwa usingizi. Na bila wao mpasuaji alikuwa si kitu. Katika mafunzo yale jambo la maana lilikuwa hilo: wanaokwenda ni timu. Mpasuaji akienda peke yake anarudi kituo kisicho na mtu wa usingizi, na ujuzi wake unalala.

MKUNGA: Basi nami nadai vivyo hivyo. Nipelekwe Maweni mwezi mmoja, nishike zamu kama mkunga wa pale, nihesabiwe matukio niliyoyafanya kwa mikono yangu. Siyo siku tano za kutazama picha ukutani. Na siku nikiondoka, zahanati iletewe wa kunishikia. Hayo mkinipa, mazoezi yenu ya kila wiki nitayafanya, hata kwa kumfundisha mhudumu wangu awe mkono wangu wa pili.

MKUFUNZI: Hilo nalikubali, na linanilazimisha niseme hoja yangu vizuri zaidi. Ujuzi mpya wa mikono ufuatwe penye wagonjwa. Ujuzi wa dharura isiyotokea kila siku urudiwe pale mtu anapofanyia kazi, maana usiporudiwa unapotea. Na mwongozo mpya wa wizara, au fomu mpya ya takwimu, hauhitaji kumtoa mtu zamu: mganga mfawidhi auelezee kwenye kikao cha asubuhi. Kumbi zetu zimejaa hilo la tatu.

MGANGA MFAWIDHI: Wenzetu walimu wameshaanza. Wana MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, wanakaa vikundi ndani ya shule yao na kujadili vipindi wanavyofundisha wenyewe. Kama shule imeweza, kituo kinashindwaje?

MKUNGA: Shule ina kengele, Daktari. Kipindi kikiisha wanafunzi wanatoka, walimu wanakaa. Uchungu hauna kengele. Ukipanga mazoezi saa nane mchana, saa nane kamili anaingia mama aliyefunguka njia yote. Mazoezi yanaahirishwa leo, kesho, wiki ijayo, mwisho daftari linajazwa kwa kalamu moja siku ya ukaguzi. Mimi naogopa hilo kuliko semina. Semina angalau unajua kwamba uliketi.

MKUFUNZI: Ndiyo maana Haydom walichagua dakika 3 hadi 5, siyo saa nzima. Hata leba yenye pilika hupata dakika tano wakati wa kukabidhiana zamu. Na kuna mfano mwingine wa jirani. Mpango wa Safer Births uliingia vituo 30 katika mikoa 5, Tabora ikiwa mojawapo, na kila kituo kilikuwa na wakunga wake wenyewe wa kuwasimamia wenzao mazoezini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75. Yaliyowezekana Tabora yashindikane Kigoma kwa nini?

MKUNGA: Ulete habari yote, Mwalimu. Wakunga wale walipewa na vifaa: cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, cha kupima mapigo ya mtoto aliyezaliwa, na cha kumpumulia. Na takwimu za leba yao waliziona wenyewe, hazikupelekwa makao makuu zikapotelea huko. Sikatai mfano. Nakataa kuletewa nusu yake, mazoezi yaje na vifaa vibaki.

MKUFUNZI: Nakubali habari yote iletwe.

MKUNGA: Na jingine. Leseni yangu. Baraza la Uuguzi na Ukunga linataka mafunzo endelevu ndipo nihuishe leseni. Cheti cha ukumbini kina muhuri, naambatisha, mambo yanakwisha. Nikisema nimefanya mazoezi kila Jumatano mwaka mzima, nani ataniandikia? Mkitaka mafunzo yahamie leba, hesabu ya leseni nayo ihamie leba. La sivyo, Jumatano nitafanya mazoezi yenu, na nitaendelea kutafuta semina ili nisipoteze kazi.

MGANGA MFAWIDHI: Hapo unagusa watu walio juu yangu.

MKUNGA: Najua. Na wao ndio wanaosaini barua za kuniita.

MJUMBE WA KAMATI: Basi niwaambie kilicho chini yetu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na sisi kamati ndio tunaokaa na Daktari kupanga matumizi kabla mpango haujaingia kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Nimekaa vikao hivyo. Kwenye mafunzo tunaambiwa: hayo ni ya mradi, yasitusumbue. Kumbe ndiyo yanayotuchukulia sista, na ndiyo yanayoturudishia sista aliyekaa siku tano mbali na binti zetu. Daktari, mwaka huu kuna fungu la mazoezi ya leba kwenye mpango wetu?

MGANGA MFAWIDHI: Halipo, Mama.

MJUMBE WA KAMATI: La mkunga wa kushika zamu mwenzake akienda Maweni?

MGANGA MFAWIDHI: Hilo nalo halipo. Ukomo wa bajeti ni mdogo, na dawa zinakula sehemu kubwa.

MJUMBE WA KAMATI: Dawa sizigusi. Lakini kuna mambo ambayo hayana gharama, na sijayasikia yakifanyika. Ufunguo wa kabati ukae leba, kila zamu ikabidhi vifaa kwa zamu inayofuata kwa kusaini, ili kikipotea kisimwangukie mtu mmoja. Idadi ya watoto waliozaliwa kimya, na waliookolewa, isomwe kwetu kila kikao. Nawaombeni ninyi mnaopanga mafunzo, wa serikali na wa miradi: barua inayomwita sista wetu ituambie mambo matatu. Nani atashika zamu yake. Kifaa gani atakikuta leba akirudi. Na ni tarehe gani mtakuja kumtazama akifanya kazi kwa yale mliyomfundisha. Barua isiyo na majibu hayo, kamati yetu itaijibu kwa kuuliza, na nakala tutaipeleka kwa Mganga Mkuu wa Mkoa.